Shahidi analetwa saa tatu usiku, kesi kesho asubuhi, na hakimu anamkubali!

Jamani, nina hasira hadi vidole vinatetemeka, mnivumilie nikikosea herufi.

Nyumba yangu iko Mtwapa, pwani ya Kenya, vyumba vitatu, paa la zege. Mwaka wa pili tangu nihamie, dari ya sebuleni ikaanza kumwaga plasta. Ukiigonga kwa mpini wa ufagio inalia tupu. Tulipobandua kipande kama sinia, tukaona nondo zimevimba kwa kutu, nyingine zinamong'onyoka mkononi kama biskuti iliyolowa chai. Mchanga ulikuwa na chumvi. Kuna uliosalia chini ya turubai nyuma ya choo, nimeuonja (msinicheke). Chumvi hula nondo, kutu ikafura, zege likapasuka kutoka ndani. Nililipia mchanga wa mto, kontrakta akaleta wa ufuoni.

Nikashtaki. Huu mwaka wa nne.

Kanuni za kesi za madai za 2010 hazina fumbo. Mdai anafungua kesi pamoja na orodha ya mashahidi na taarifa zao zilizotiwa sahihi, ndiyo Amri ya 3 ya kanuni hizo. Mdaiwa naye hivyo hivyo anapoleta utetezi wake, Amri ya 7. Ukiwa na taarifa ya kuchelewa, unaomba ruhusa ya mahakama na unaileta angalau siku 15 kabla ya kikao cha maandalizi ya kesi. Sikatai, mimi mwenyewe niliongeza risiti za saruji baadaye, ila nilizileta kabla ya kikao hicho, wakapewa nafasi ya kuzijibu. Lengo ni watu wasiviziane.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa tatu fundi wangu, aliyekoroga zege lile kwa mikono yake, alitoa ushahidi. Wakili wao alimbana saa nzima, na fundi, kwa kuwa ni mtu mkweli, akakubali kwamba siku mbili hakuwepo mjengoni, alishikwa na homa. Basi wiki tatu baadaye msimamizi wao wa mjengo akatia sahihi taarifa. Inasemaje? Kwamba paa lote lilimwagwa siku hizo hizo mbili, kwa mchanga wa mto, lori tatu, na yeye alizihesabu! Fundi cherehani kapima kwanza, ndipo akakata kitambaa.

Taarifa hiyo wakaikalia hadi mwezi wa saba. Wakili wangu aliipata kwa WhatsApp saa tatu na dakika kumi usiku, na kesi ilikuwa asubuhi yake.

Na huyo msimamizi hakupotea wakamtafuta. Bado ni mwajiriwa wa kontrakta yuleyule. Kila tarehe ya kesi yeye ndiye anayemwendeshea gari, anaketi nje chini ya mwarobaini pamoja nasi. Nimewahi kumgawia kashata!

Wakili wao akasimama na kutamka "Kifungu cha 159 cha Katiba", kile kinachosema haki isizuiwe mno na taratibu. Hakimu akaandika, akasema sitaumia kwa sababu fundi wangu anaweza kuitwa tena, nami nifidiwe gharama za siku, shilingi 8,000. Kesi hadi mwezi wa kumi na moja.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikataa hati ya kiapo ya nyongeza ya Raila Odinga kwa kuwa ililetwa nje ya muda, na Kifungu cha 159 kilikuwepo. Kesi ya urais wa nchi nzima mlango wake unafungwa, wa nyumba ya Mtwapa uko wazi hadi usiku.

Na hizo 8,000 ni za nini? Fundi sasa yuko Lamu, kibarua chake ni cha siku. Nimlipie basi kuja na kurudi, alale, nimfidie siku alizokosa kazi, halafu wakili wangu naye anataka chake cha kujitokeza tena. Mvua za vuli zitafika kabla ya tarehe hiyo. Leo nimehamisha kitanda cha mtoto, kwa sababu ufa umeshavuka taa ya chumbani kwake.

Kuna mtu hapa aliyewahi kukata rufaa juu ya amri ya namna hii kabla ya hukumu? Wakili wangu asema tutapoteza mwaka mwingine, bora tukamhoji huyo msimamizi kuhusu lori zake tatu. Mimi nataka risiti za lori hizo. Nitaziombaje, na bado naweza, au mlango huo ni wao peke yao?