MREJESHO: Wasomaji wanaosema "nzuri, endelea" tu

Ndugu zangu, niliuliza hapa nifanyeje ili wanaosoma hadithi zangu waniambie zaidi ya "nzuri, endelea". Naandika kwa kupenda tu, jioni nikishafunga duka hapa Jinja, Uganda. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilifuata ule ushauri wa kuweka swali mwishoni: umechoka wapi, na nani hukumwamini? Umefanya kazi kweli. Msomaji mmoja wa Arua aliniambia hakumwamini mama katika hadithi yangu, anayemfungulia mwanawe mlango usiku bila hasira hata kidogo. Nimeiandika upya sehemu hiyo. Mwingine alitaja taa za wavuvi wa mukene (dagaa) ziwani, akasema hapo alirudia kusoma. Sifa ya namna hiyo, inayoonyesha mahali hasa, inanitia nguvu mno.

Ombi langu kwa wasomaji, waache kusahihisha sarufi hadi rasimu ya mwisho, halikufua dafu. Kuna mmoja bado anasahihisha ngeli mstari kwa mstari, hadithi yenyewe haigusi. Huyo sasa namtumia hadithi ikishakamilika, na hapo ananifaa sana.

Aliyependekeza swali la "umechoka wapi", Mungu akubariki.