Naomba ushauri, miche ya rehani inalala kwenye makopo

Habari zenu wadau, mi sina bustani, nina kibaraza kidogo tu kwa hiyo napanda viungo kwenye makopo niliyotoboa chini. Dania imekubali vizuri, zile mbegu nazipasua kidogo kabla ya kupanda, ila rehani ndo inanitesa, inaota fresh kabisa alafu miche inarefuka myembamba kama uzi, shina linanywea pale pale juu ya udongo na asubuhi nakuta imelala. Jua linafika hapo masaa machache tu. Sasa ni mwanga mdogo au ni fangasi wa unyevu? Niyahamishie dirishani au nipunguze maji kwanza? Na rozmeri, kuna aliyeotesha kwa mbegu ikatoka kweli au nitafute tu kitawi nichomeke? Nisaidieni jamani, nazipenda sana hizi mimea.