Eti "Kwani ulikimbia navyo?" Huyu muuza raba atatumaliza miguu hapa Tanga

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinateleza kwenye simu.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa Ngamiani mwenye turubai la bluu na spika inayobweka tangu asubuhi: "Raba za mbio, raba za marathoni, gredi A, njoo ukimbie!" Nusu ya miguu inayopita Raskazone alfajiri imetoka kwenye turubai lile.

Leo nimemrudishia raba ya elfu 55 iliyobanduka soli kuanzia kisigino mpaka katikati. Mbio zenyewe za kilomita 5, za polepole, kwenye lami kavu, hakuna mvua wala jiwe. Nusu ya soli imebaki Raskazone, kiatu kimefika Bombo. Akakipokea, akakigeuza, akakikunja kidogo, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, halafu akasema kwa sauti ya kusikika kijiwe kizima cha bodaboda: "Kwani ulikimbia navyo?"

KWANI ULIKIMBIA NAVYO? Raba za mbio! Spika yake bado inapiga "njoo ukimbie" pale pale nyuma ya kichwa chake! Bodaboda wakacheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki.

Sasa ngoja niseme anachokifanya, maana kila mtu anakiona na hakuna anayesema. Viatu vikitoka kwenye belo anaviloweka kwenye ndoo ya sabuni ya unga na jiki usiku kucha ili soli iwe nyeupe. Asubuhi anavianika juu ya bati, jua la saa sita la Tanga. Jiki inakula uzi na kitambaa, joto la bati linalegeza gundi ya kiwandani na kukausha sponji, lile tabaka laini juu ya soli. Pale inapoachia, anatia supagluu. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na soli ya mbio inakunjwa maelfu ya mara kwa kila kilomita chache. Mkunjo wa kwanza unaanza ufa, ufa unaingiza jasho na mchanga, basi, soli inaaga.

Fundi anayejua kazi haendi hivyo. Anakwangua gundi ya zamani yote, anapiga msasa pande zote mbili, anafuta vumbi, anapaka ile gundi ya njano ya viatu upande wa soli na upande wa sponji, anasubiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haikunati kidoleni, ndipo anabandika, anagonga kwa nyundo na kukifunga kwa mpira mpaka kesho yake. Gundi hiyo inakunjika pamoja na kiatu. Kazi ya jioni moja! Lakini huyu bwana muda wake wote unakwenda kwenye spika.

Na soli kubanduka ndiyo afadhali, kwa sababu inaonekana. Kinachoumiza watu kimya kimya ni sponji iliyokufa. Raba ya mbio kwa kawaida inahimili kilomita 500 mpaka 800, kutegemea uzito wa mtu, njia na aina ya sponji. Za mtumba nyingi zimeshatumia sehemu kubwa ya hizo kabla hazijapanda meli. Juu inang'aa, kamba mpya, ndani hakuna kitu. Mtu anakimbia wiki tatu, muundi unaanza kuwaka moto, unyayo unachoma anapoweka mguu wa kwanza chini asubuhi, anaambiwa ni uzee au hana mazoezi. Si uzee. Anakanyagia ubao.

Halafu uende umuulize, akuambie: "Kwani ulikimbia navyo?" Sasa nivifanyie nini, niviombee dua?

Kwa ambao bado watapita pale (mtapita tu, najua): kiwekeni kiatu juu ya meza iliyonyooka, mkiangalie kwa nyuma, usawa wa macho. Kisigino kikilala ndani au nje, mwenye nacho wa kwanza alishakipindisha, na wewe utapindishwa vilevile. Bonyeza sponji ubavuni kwa dole gumba. Inatakiwa ibonyee na irudi. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo ya kulala ambayo haiondoki hata kiatu kikiwa hakina mzigo, iacheni. Kikunjeni: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, siyo katikati kama daftari. Vuteni soli ya ndani mtazame chini yake. Mara nyingi hapo ndipo gundi mpya inapojificha, na alama ya kisigino cha mtu wa kwanza imo humo humo imedidimia. Na someni lebo iliyo chini ya ulimi wa kiatu. Kampuni nyingi huandika pale mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kiatu cha miaka 10 hata kama hakijavaliwa hakifai, hasa kama sponji ni ya poliurethani. Ile inaliwa na unyevu hewani, na unyevu wa pwani mnaujua. Siku moja inameguka vipande vipande mkononi.

Lebo hiyo yeye anaikata kwa mkasi. Anasema "inawasha". LEBO INAWASHA! Inamuwasha nani kama viatu havikimbiliwi?

Nimeongeza: kuna aliyenitumia ujumbe anasema nimpe nafasi ajieleze. Alishajieleza. Alisema "kwani ulikimbia navyo". Maelezo yameisha hapo.

---

Kucha Nyeusi: Huyo huyo! Kwangu alisema 42 na 43 ni saizi moja, "itatanuka mkuu". Raba ya mbio haitanuki, siyo ngozi. Wakuu, achaneni na 42 sijui 43, kila kampuni ina yake. Soma sentimita kwenye lebo, kama haijakatwa. Pima mguu jioni ukiwa umevimba kidogo, simama wima juu ya karatasi, kisigino ukutani, chora mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ongeza kama sentimita 1. Ukivaa, dole gumba la mkono liingie kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Usipofanya hivyo, kwenye miteremko kucha zinagonga mbele mpaka zinang'oka.

Mgosi wa Muheza: Mtoa mada pole, lakini nimecheka mpaka mke wangu ameamka. Elfu 55 ulitaka ikufikishe wapi? Mkimbiaji wetu Gabriel Geay alipokuwa wa pili marathoni ya Boston 2023 hakupitia turubai la bluu.

Mtoa mada: Mkuu, elfu 55 ni hela. Na sikuomba kufika Boston, niliomba kufika Bombo.

Peku Peku: Mnalialia viatu. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 bila kiatu. Vueni mkimbie.

Bi Chumbageni: Na mwaka 1964 Tokyo akavaa viatu, akashinda tena, na akaboresha muda. Mbona hiyo hamuisemi, wanangu? Kukimbia peku kunajifunzwa, mtu huanza na dakika chache kwenye nyasi au mchanga mgumu, anaongeza taratibu kwa miezi, maana kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu haijazoea. Ukianza leo na kilomita 5 kwenye lami yenye vioo, kesho unalala kitandani. Na hata ufukweni, mchanga umeinamia baharini. Ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unafanya kazi ya kushuka na mwingine ya kupanda, nyonga inalipa. Nenda na urudi njia hiyo hiyo.

Peku Peku: Shikamoo Bi Chumbageni. Nimenyamaza.

Kilomita Moja Moja: Viatu mnavisema bure, tatizo la mji huu ni yule kapteni wa jogging mwenye filimbi. Mnamjua. Mtu amekuja Jumapili yake ya kwanza, ana tumbo, ana nia, anapigiwa filimbi akimbie kwa dakika 5 na nusu kwa kilomita, na juu yake anaimbishwa. Kilomita ya pili anatapika, kilomita ya tatu ameacha mazoezi maisha yake yote. Anayeanza akimbie dakika 1, atembee dakika 2, kwa dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Wiki zinavyokwenda unarefusha kukimbia na kufupisha kutembea. Kipimo ni kuongea: ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Filimbi siyo programu ya mazoezi!

Mtoa mada: Kweli kabisa, lakini mada ni yule wa turubai. Kaniambia mbele ya watu wote "kwani ulik

Mtoa mada: Simu imejituma yenyewe. "KWANI ULIKIMBIA NAVYO."

Mgosi wa Muheza: Tumesikia mkuu. Mpaka Amboni wamesikia.

Dafu Bichi: Kapteni huyo huyo anakataza watu kunywa maji njiani eti "yanalegeza". Joto la Tanga hata alfajiri hewa imejaa maji, jasho halikauki mwilini, linadondoka tu bila kupoza. Anza kabla ya saa 12 asubuhi, punguza spidi bila aibu, kunywa kila unaposikia kiu. Mimi naapa kwa madafu.

Bi Chumbageni: Madafu matamu, mwanangu, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho linatoa chumvi. Ukitoka mbio za saa mbili, paketi moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji safi inakutosha vizuri. Au dafu na mhogo wa chumvi. Ukinywa maji matupu lita juu ya lita, chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, unapata kichefuchefu, na ikizidi ni hospitali.

Mapaja Moto: Na jipakeni mafuta ya mgando mapajani na kwenye chuchu kabla ya kutoka! Tisheti ya pamba ikilowa jasho inasugua mpaka damu. Tisheti zenyewe zile za mbio za hisani, pamba nzito, rangi nyeusi, saizi zote XL. Umelipa kiingilio, unavalishwa pazia.

Kilomita Moja Moja: USINIKUMBUSHE za hisani. Imeandikwa kuanza saa 12 kamili. Saa 1 na nusu bado tunapasha misuli, mgeni rasmi hajafika. Tumepasha mpaka tumechoka. Akifika anatoa hotuba, jua limeshapanda, ndipo watu wa kilomita 21 wanaachiwa.

Bi Chumbageni: Hilo la kuchelewa kwa kweli ni hatari. Saa moja na nusu ya jua la pwani inaweza kumwangusha mtu mzima. Mgeni rasmi angeweza kabisa kuwasubiri kwenye kumalizia na kugawa medali.

Kucha Nyeusi: Na hizo 21 ni 21 kweli? Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Wanapima kwa mita ya pikipiki! Njia inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, baiskeli yenyewe kwanza inapimwa kwenye kipande kilichonyooka chenye urefu unaojulikana, halafu unafuata mstari mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Na unaongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili njia isije ikawa fupi. Pikipiki inapita katikati ya barabara, inakwepa mashimo, tairi lenyewe halina upepo wa kutosha.

Dafu Bichi: Ndiyo maana mtu anatamba "nimekimbia 21 kwa saa 1 na dakika 35" na Jumanne tukiwa Raskazone hatumuoni.

Mgosi wa Muheza: Unanisema mimi?

Dafu Bichi: Sijataja mtu.

Mgosi wa Muheza: Saa yangu ilisoma 21.3 siku ile. Leta yako.

Kucha Nyeusi: Mgosi, saa inaunganisha nukta za setilaiti, na ukipinda kona kwa nje, ukipita kwenye miti na maghorofa, inaongeza yenyewe. Mnaweza kukimbia wawili bega kwa bega na saa zikapishana mita 200.

Mtoa mada: Wakuu, kuna mtu anajua fundi wa ile gundi ya njano?

Mapaja Moto: Hizo tisheti mwaka huu kuna anayejua rangi?

Kilomita Moja Moja: Nyeusi tena. Na kiingilio kimepanda.