Nyumba ya Barabara ya 8

*Ijumaa, 14 Machi 2025*

[17:38] Mwana: Asalaam alaykum jamani. Kesho baada ya tarawehe wote kwa Mama. Saa tatu usiku kwenu, huku California saa tano asubuhi, kiota cha tai cha Big Bear kinaonekana vizuri kwenye kamera ya mtandaoni. Kila mtu aandike YUPO au HAYUPO.

[17:40] Mwana: Makinda watatu! Wa kwanza kaanguliwa tarehe 3, wa pili 4, wa tatu 8. Mwaka jana Jackie kaatamia zaidi ya siku 60, mayai yote matatu yakawa viza. Kwa hiyo asiniambie mtu ni ndege tu.

[17:52] Juma: Shikamoo shangazi. Jackie ndiye baba?

[17:53] Mwana: Marahaba. Ndiye mama, huyo mkubwa wa umbo. Baba ni Shadow.

[17:54] Salma: Bibi anamwita Mzee Shedafa 😂 Ameshika simu yangu tangu alasiri

[18:05] Hamisi: Kichwa cheupe, samaki mguuni, huyo si furukombe tu? Wapo Pangani, hawataki bando

[18:07] Mwana: Furukombe wa Pangani umewahi kumwona kiotani akilisha? Hapa ni mita 44 juu ya msonobari, kamera inatumia umeme wa jua na usiku inaona gizani.

[18:08] Juma: Umeme wa jua, ndiyo maana haukatiki

[18:09] Mwana: Nasubiri majina. Mmesoma wote, naona.

[18:31] Bakari: 🌙 Ijumaa Mubarak 🌙 *Imesambazwa mara nyingi*

[19:02] Hamisi: Tutaangalia kwenye nini? Simu ya Salma ina ufa

[19:03] Mwana: Kwenye tivii ya Mama.

[19:03] Salma: Tivii ipi shangazi?

[19:04] Mwana: Niliyotuma hela mimi.

[19:04] Salma: 🙈

[19:05] Mwana: Kaka Hamisi. Tivii ya Mama iko wapi?

[19:11] Hamisi: Ilienda kwa fundi

[19:11] Mwana: Ilienda kwa fundi wakati wa Kombe la Dunia la Qatar!

[19:13] Hamisi: Mbona yale mabati hatuulizani

[19:13] Mwana: Mabati usiyalete hapa.

[19:14] Juma: Kama kuna tambi za nazi, mie NIPO

[20:36] Mwana: Jamani. Theluji imeanguka usiku kucha na upepo juu. Huku kumekucha, wenye kamera wanasema wanaona makinda wawili tu.

[20:37] Juma: Wa tatu kaenda kufuata tivii 😂😂

[20:37] Hamisi: 😂😂😂

[20:39] Mwana: Jackie alikuwa amewalalia, mgongo mweupe.

[20:41] Hamisi: Si wapande wakatazame. Marekani nzima hakuna ngazi?

[20:43] Mwana: Hairuhusiwi. Kuna sheria ya tangu 1940, tai hawa hawasumbuliwi. Hata kamera wanaigusa msimu wa kiota ukishapita.

[20:44] Juma: Basi kamera inaona na haisaidii. Kama sisi na mabati

[20:58] Salma: 🎤 0:52

[21:01] Salma: Ni Bibi. Kwa ambao hamwezi kusikiliza: anasema ameona mwenyewe, ni wawili. Anasema usiku wa Saidi mvua ilikuwa hivyohivyo, na hapa nyumbani hakuna aliyecheka. Anasema Ami Hamisi tivii irudi kesho kabla ya adhuhuri, hataki aje fundi, hataki maelezo. Na mwenye kuja kesho aje kwa adabu.

[21:09] Hamisi: Naam Mama

[21:10] Juma: Nisamehe Bibi 🙏🏽

[21:17] Bakari: Inna lillahi. Mimi nitakuja

[21:18] Mwana: Ahsante kaka. Kwa hiyo Bakari, Juma, Salma. Hamisi na tivii. Bando nani? Siwezi kulipa kila kitu kutoka huku.

[21:26] Mwana: Bando nani?

[21:33] Salma: Bibi anauliza, hao wawili watapata chakula na theluji hiyo?

[21:35] Mwana: Mwambie ziwa liko karibu, na baba yao hodari wa kuvua. Bado wadogo, mpaka mwezi wa sita hivi ndipo wataruka.

[21:40] Salma: Nimemwambia. Simu hanirudishii

[22:12] Hamisi: Tivii ipo. Ila rimoti iko Muheza

[22:12] Mwana: Muheza kwa nani?

[22:20] Mwana: Kaka Hamisi?

[22:47] Bakari: Kesho ni saa ngapi vile