Maumivu sugu ya kiuno: niendelee na kukaza msuli wa ndani wa tumbo, au nihamie mazoezi mengine?

FizioWilayani
Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wenzangu wa tiba ya viungo.

Mgonjwa ni mama wa miaka 38, fundi cherehani, huu ni mwezi wa saba kiuno kinamuuma. Maumivu yanaishia kwenye makalio, hayafiki gotini. Nguvu za miguu na hisia za ngozi ziko sawa, na akiwa chali nikimwinua mguu ulionyooka haoni tatizo. Akikaa kwenye mashine zaidi ya nusu saa kinauma, akiinama kufagia kinauma, akitembea kinatulia. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko wakati wowote. Anavaa mkanda wa kiuno kutwa, na kwa kufuata video za kwenye simu anapiga siti-apu 100 kila alfajiri, na planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) ya dakika 2 juu yake.

Nimemwanzishia zoezi la kuvuta tumbo ndani akiwa chali, magoti yamekunjwa. Wiki ya tatu hii na bado anabana pumzi, mbavu zinapanda. Je, kuna faida kuendelea nalo? Kile kifaa cha kupima mgandamizo chini ya kiuno hatuna. Mfuko wa mashine ya presha utafaa? Na nikiliacha, niende wapi?

Pingili_ya_Tano
Mkuu, kabla hujaliacha angalia unavyolielekeza. Ukimwambia mtu "vuta tumbo ndani", tisa kati ya kumi watanyonya tumbo kwa kifua. Mwambie atoe pumzi taratibu, na pumzi ikikaribia kwisha akaze chini kama anayekatisha mkojo, kidogo tu, robo ya nguvu yake au pungufu. Kisha aendelee kupumua huku amekaza. Asipoweza kuhesabu kwa sauti mpaka kumi bila kuachia, ujue amekaza mno.

Vidole vyako uviweke hapa: tafuta nundu ya mbele ya mfupa wa nyonga, ingia ndani sentimita 2, shuka sentimita 2 nyingine, bonyeza polepole. Msuli wa ndani ukiamka utasikia pakikakamaa taratibu chini ya vidole. Vidole vikisukumwa nje ghafla, hiyo ni misuli ya juu ya ubavuni imechukua kazi. Na nyonga isizunguke: kiuno kikigandamia mkeka, ametumia misuli ya mbele ya tumbo na makalio.

Anayeshindwa akiwa chali mgeuze apige magoti, mikono chini. Kwenye mkao huo uzito wa tumbo wenyewe unavuta msuli, anapata kitu cha kukisikia. Wengi wanalipata hapo siku hiyo hiyo. Lengo ni kushikilia sekunde 10 mara 10 huku anapumua. Akifika hapo zoezi limemaliza kazi yake, usimlaze tena mwezi mzima akitafuta kitovu.

Nyonga_Imara
Kuhusu mfuko wa presha: unafaa, ila ujue mipaka yake. Ukunje mara tatu, uweke chini ya mbonyeo wa kiuno mgonjwa akiwa chali, magoti yamekunjwa, jaza mpaka mshale usome 40. Akaze, kisha aachie goti moja lifunguke kuelekea nje na kurudi. Baadaye anyanyue unyayo mmoja. Kazi yake ni kuuacha mshale palepale. Ukipanda sana, kiuno kimesukuma chini. Ukishuka sana, kiuno kimenyanyuka kikaacha mfuko. Kutikisika kidogo kwa sababu ya pumzi ni kawaida.

Akilala kifudifudi unaanzia 70, na kukaza vizuri kunashusha mshale 6 hadi 10. Hapo wengi hudanganyika, maana mtu anaweza kuushusha kwa kukunja mgongo au kunyanyua nyonga. Mshale hauoni tofauti, macho yako ndiyo yaone. Na mifuko mingi ya vituoni inavuja. Ujaze, uweke kitabu kizito juu, subiri dakika moja kabla ya kumlaza mtu.

Mzigo_Kwanza
Nitapinga kidogo. Tuache kumfanya huyu mama aamini kuna msuli wake mmoja "umelala". Wazo lilitoka chuo kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 1996: Hodges na Richardson walipima watu 15 wenye maumivu ya kiuno na 15 wasio nayo. Mtu mzima wa afya akiinua mkono haraka, msuli wa ndani wa tumbo unakaza kabla hata ya ule wa bega. Kwa wenye maumivu unachelewa. Utafiti mzuri. Lakini mwaka 2003 Hodges na Moseley walichoma maji ya chumvi kali kwenye misuli ya mgongo ya watu wazima wasio na tatizo, wakaumwa, na msuli ukachelewa vilevile. Kwa hiyo maumivu yenyewe yanaweza kuleta ucheleweshaji. Ukiukuta, hujapata chanzo.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 29 yenye watu 2,431: mazoezi haya yanashinda kutofanya kitu, ila hayashindi mazoezi mengine kwa tofauti ya maana. Maana yake kwako, mkuu: kama hayajamshika wiki tatu, huna deni nayo. Chukua alichosema Pingili, mpe vikao viwili, kisha songa mbele.

Kwanza siti-apu zikome leo. Stuart McGill wa Waterloo, Kanada, alikadiria siti-apu moja inabana pingili za kiuno kwa niutoni zaidi ya 3,000. Sasa zidisha kwa 100, alfajiri, wakati diski, ile mito laini kati ya pingili, zimejaa maji baada ya kulala na zinabanwa zaidi mtu akiinama. Kisha anakwenda kukaa ameinama mchana kutwa. Mgongo wa huyu unalalamikia kuinama, na dawa anayojipa ni kuinama. Saa ya kwanza baada ya kuamka asikunje kiuno mpaka mwisho; hata kufagia kusubiri.

Badala yake mazoezi matatu. La kwanza, chali, mguu mmoja umekunjwa mwingine umenyooka, viganja chini ya kiuno, anyanyue kichwa na mabega kidogo tu, shingo isijikunje. La pili, ubavu, akiegemea kiwiko na magoti, anyanyue nyonga. La tatu, magoti na mikono, anyooshe mkono na mguu wa upande wa pili. Kila kushikilia sekunde 8 hadi 10, si zaidi. Raundi ya kwanza mara 6, ya pili mara 4, ya tatu mara 2. Uvumilivu unajengwa kwa kurudia. Ukimwacha ashikilie dakika 2, misuli inachoka na anaanza kuning'inia kwenye kano.

Hilo la tatu ndilo linaloharibiwa zaidi. Mtu ananyanyua mguu juu kuliko nyonga, kiuno kinabonyea, na fupanyonga linageuka upande wa mguu ulionyanyuliwa. Mlaze fimbo ya fagio kiunoni kwa upana: ikidondoka, arudi kunyoosha mguu peke yake, kisigino kikisukumwa nyuma wala si juu.

FizioWilayani
Shukrani sana wote. Mkanda je? Anaogopa kuuvua. Na nikimpandishia mzigo nijuaje nimezidisha?

Pingili_ya_Tano
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida. Ila usimvue kwa amri. Avue kwanza wakati wa mazoezi na matembezi, kisha asubuhi yote, na abaki nao kwa siku za kazi nzito mpaka mwenyewe auone hauna kazi.

Kipimo cha mzigo: maumivu yakipanda mpaka 3 kati ya 10 wakati wa zoezi na kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakiwa bado yamepanda asubuhi hiyo, punguza idadi ya marudio kwanza, zoezi libaki lilelile.

Kichwani mweke pia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ukisikia homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata akilala, au pingili moja imechomoza na inauma ukiigonga, sitisha mazoezi, apigwe picha. Na mkojo ukigoma au ganzi ikishika sehemu ya kukalia, hiyo ni rufaa siku hiyohiyo.

Mzigo_Kwanza
Naongeza la kuinama, maana hapo ndipo anapokwama. Fimbo mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa juu ya makalio. Asukume makalio nyuma, magoti yakilegea kidogo, fimbo isiachane na sehemu yoyote kati ya hizo tatu. Akiweza mara 10, mpe dumu la maji la lita 5, ndiyo kilo 5, alinyanyue kutoka kwenye kigoda. Wiki inayofuata kutoka chini. Kisha alibebe kwa mkono mmoja hatua 20 bila kuegemea upande, abadili mkono. Hiyo inafunza misuli ya ubavuni kuliko planki yoyote. Akilizoea, dumu la lita 10.

Nyonga_Imara
Na cherehani yake uiangalie. Kama ni ya kukanyaga na kiti ni kifupi, magoti yanapita juu ya nyonga na kiuno kinajikunja chenyewe. Kiti kipande kwa ubao au mto mgumu mpaka nyonga ziwe juu ya magoti kidogo, na kitambaa cha kukata kiwe mezani. Kila akimaliza vazi au dakika 20 zikifika, asimame, viganja kiunoni, ajinyooshe nyuma mara 5 polepole. Jaribu hilo mbele yako kwanza. Kama kujinyoosha nyuma kunampelekea maumivu mguuni, liache.