Aliyekutolea maoni kwenye muhtasari wa filamu, anastahili jina na malipo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi, maana kwenye kundi letu la waandishi limeshagawa watu.

Dada mmoja aliweka muhtasari wa filamu yake tuukosoe. Mistari mitatu tu: "Kilwa. Mjane anagundua kuwa marehemu mumewe aliuza shamba lao la minazi kwa watu wawili. Wote wawili wamefika msibani, kila mmoja na karatasi yake."

Maoni yakawa yale yale ya siku zote. Stori kali, ongeza mapenzi, weka mganga (mganga hakosekani). Kisha kaka mmoja akauliza: "Huyu mama si yuko edani? Miezi minne na siku kumi hatoki. Basi asitoke kweli. Shamba lake apiganie akiwa ndani, kwa simu na kwa kumtuma binti yake."

Hapo kila mtu akanyamaza, maana filamu ilikuwa imeonekana. Dada akaandika skripti nzima, akampelekea prodyuza, ikakubaliwa. Sasa kaka anadai jina lake liandikwe kwenye filamu kama mtunzi mwenza wa hadithi na apewe mgawo. Dada anamjibu: ulitoa maoni, hukuandika.

Mimi kwenye pesa niko na dada. Mtu akiomba maoni mbele za watu, akapewa, kisha yageuke deni, nani ataomba tena? Tutarudi kila mtu kufungia stori yake kabatini, na skripti zetu zitaendelea kuwa na mashimo yale yale ambayo jirani angeyaona kwa dakika moja. Nawasilisha.

Mwandishi, Temeke

Mkuu, ondoa eda halafu uniambie kinabaki nini. Kesi ya shamba kuuzwa mara mbili, ambayo baraza la kata linazo tele. Kilichomfanya prodyuza afungue mkoba ni yule mama kutotoka. Tumezoea sana vya bure, ndiyo maana waandishi tunalipwa hela ya vocha na tunashukuru.

Mwanasheria, Dodoma

Nianze na sheria, halafu niseme nisichokipenda kwenye sheria hiyo.

Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyoandikwa. Hilo limo kwenye TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, ibara ya 9, na nchi zetu zimo ndani ya mkataba huo. Kwa hiyo "mjane yuko edani na anapigania shamba" si mali ya mtu. Kurasa alizoandika dada ni mali yake tangu alipoziandika, hata kabla ya kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kusajili kunakupa ushahidi, hakukupi haki.

Lakini msidhani wazo halina thamani popote. Marekani, mwandishi Art Buchwald aliipa studio ya Paramount muhtasari wa kurasa chache kuhusu mtawala wa Kiafrika anayekwenda Marekani. Mwaka 1988 studio hiyo ikatoa *Coming to America* ya Eddie Murphy. Buchwald akashtaki, na mwaka 1990 akashinda. Alishindaje? Si kwa hakimiliki. Alikuwa na mkataba uliosema studio ikitengeneza filamu inayotokana na kazi yake, atalipwa. Mwaka 1992 mahakama ikampa dola 150,000, na mwenzake prodyuza Alain Bernheim dola 750,000. Mwenye wazo alipata sehemu moja ya sita ya fungu lote. Hilo peke yake ni mjadala mwingine.

Sasa kaka yetu ana mkataba gani? Alijibu kundini, bila sharti, kabla ya mtu yeyote kumwahidi kitu. Mahakamani hana pa kusimama. Nisichokipenda ni kwamba sheria hiyo hiyo ingemwacha dada mikono mitupu kama prodyuza angechukua ile mistari mitatu na kumpa mtu mwingine aandike.

Mwandishi, Temeke

Kumbe unakubaliana na mimi, ila kwa Kiswahili cha mahakama.

Mwanasheria, Dodoma

Kwenye haki, nusu. Kwenye kesi, hapana.

Mhariri wa miswada, Nairobi

Tazameni tena maneno ya huyo kaka. "Huyu mama si yuko edani?" ni swali la msomaji, na ndiyo kazi ya mtoa maoni. "Asitoke kweli, amtume binti" ni kuandika filamu ya mwenzako. Mimi nikisoma muhtasari najizuia kwenye nusu ya kwanza. Nauliza mhusika anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa anapoteza nini. Jibu nalijua mara nyingi, ninalimeza. Nikilisema, mwandishi atalishika kwa sababu limetoka kwa mhariri, hata kama alikuwa na lake bora zaidi.

Na kwa wanaotaka mgawo: kwenye chama cha waandishi cha Marekani, anayeingia baadaye kwenye skripti asilia ya mtu, isiyotokana na kitabu au kazi nyingine, ili atajwe kuwa mwandishi mwenza wa skripti hiyo lazima mchango wake ufike asilimia 50 ya skripti ya mwisho. Tena huyo ameajiriwa kuandika. Sentensi nne za kundini zitafika wapi?

Mchangiaji, Tanga

Samahani wakuu, mbona hakuna aliyeuliza kama hiyo eda imeelezwa sawasawa? Wanazuoni wengi wanamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima, almuradi alale nyumbani kwake. Kwenda kuokoa shamba la watoto si haja? Ukiiandika kama alivyosema huyo kaka, watu wa Pwani watakucheka dakika ya kumi. Dada alilitatua vipi?

Mleta mada

Swali zuri, na nimemwuliza. Kwenye skripti, mawifi zake wanaijua ruhusa hiyo na wanaificha. Mmoja wa wanunuzi ni binamu yao. Kila mama akitaka kutoka, wanamkumbusha eda na kumletea uji, kwa upole kabisa. Kuna onesho la binti anasomewa karatasi mlangoni na shangazi yake, na shangazi anaruka mstari mmoja makusudi. Hayo yote ni ya dada. Kundini hayakuwepo.

Mwandishi, Temeke

Hapo kwenye mawifi nimeshika adabu. Hiyo ndiyo filamu, wala si eda. Basi pesa nimeachia. Ila jina kwenye shukrani mwishoni liwepo, maana bila lile swali asingefika kwa hao mawifi. Kuandika jina la mtu hakuna gharama.

Mhariri wa miswada, Nairobi

Shukrani, sawa. Kwenye hadithi, hapana. Na kundi liandike sheria yake pale juu kabisa: kinachosemwa hapa kama maoni kimetolewa bure, anayetaka kulipwa amfuate mwenye stori faragha wakubaliane kwanza. Mstari mmoja, ugomvi umekwisha.

Mchangiaji, Tanga

Na hao wanunuzi, karatasi zao ni zipi? Kama shamba ni la kijiji, kuna mwenye hati ya kimila au wote wana karatasi za kugongewa muhuri na mwenyekiti? Maana mwenyekiti huyo huyo akiwa amegonga zote mbili, naye yuko msibani pia.

Mleta mada

Mkuu, kabla sijamfikishia, unatoa bure?

Mchangiaji, Tanga

Nimeuliza tu.