Wikiendi ndefu na washkaji Oktoba: tulale Moshi au Arusha?

Kutoka: Dada wa Leicester

Habari zenu wapendwa. Tuko wanane, tulisoma wote sekondari pale Moshi, sasa hivi wengi tuko Uingereza, wawili Houston, mmoja Stuttgart na mmoja kabaki Dar anatucheka tu. Tumepanga Oktoba tukutane nyumbani Ijumaa mpaka Jumatatu, bila watoto, bila waume wala wake, tukae tule tucheke basi. Ugomvi umeanzia hapo hapo, nusu wanataka Arusha nusu Moshi, na kuna mmoja kila siku anatuma picha za Zanzibar kama vile hatukukubaliana. Aliyewahi kuandaa kitu cha hivi atupe mwanga, hasa usafiri, pa kulala na jinsi ya kuchanga hela bila kununiana. Asanteni.

Kutoka: Mzee wa Rau

Dada, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi, tuendelee. Mimi nimerudi Moshi baada ya miaka ya Uholanzi na kila msimu kuna kikundi kinapitia mikononi kwangu, kwa hiyo nasema nnachokiona. Hizi wikiendi haziharibiwi na hela. Zinaharibiwa na magari na ndugu. Mtu kakaa miaka hajaonana na wenzake alafu Jumamosi nzima yuko kwenye gari la Noah kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, kibao cha mwendo wa hamsini, trafiki, kibao cha hamsini tena, jioni akifika amechoka na stori zote zimeishia njiani dereva kazisikia yeye. Chagueni mji mmoja mlale hapo hapo siku zote, na kwa watu wanaotaka kukaa pamoja huo mji ni Moshi, kwa sababu moja tu, mnaweza kutembea kwa mguu. Ukilala karibu na mnara wa saa unafika sokoni, stendi, Double Road, kote bila kumpigia mtu simu. Ukilala Shanty Town una miti na utulivu na asubuhi unauona mlima kabla mawingu hayajaufunika, ila jioni mtahitaji bajaji mbili tatu, sio mbaya.

Tafuteni nyumba nzima yenye sebule na baraza, sio vyumba vinane hotelini. Hotelini ikifika saa nne kila mtu kaingia kwake kafunga mlango, kwenye nyumba mtakaa mpaka saa nane usiku mnabishana nani aliiba maandazi ya matroni. Ulizeni kama kuna tenki la maji, kama umeme ukikatika kuna kitu, na kama usiku yupo mlinzi wa kuwafungulia geti. Na advansi asitumiwe mtu aliyewatumia picha tu WhatsApp, kuna kikundi kililipia nyumba nzuri kabisa ambayo haipo, walipofika mtaa upo, geti lipo, ndani anaishi familia ya watu wamekaa wanakula. Semeni mtaa gani mimi nipite nikaione, sidai kitu.

Oktoba mmechagua vizuri. Masika imeshapita zamani, ule ubaridi wa Juni Julai umeisha, vuli haijakolea, jakaranda zinachanua. Mkiweza kuizungukia tarehe 14, Nyerere Day, wa Dar atapata siku moja bila kuomba ruhusa kazini. Ila msije mkasogeza mpaka Desemba nawaomba, Desemba Moshi sio mji ni ukoo, kila nyumba ina harusi au kipaimara, nauli za basi ndio msiseme. Na mwisho wa Februari kuna Kilimanjaro Marathon, vyumba vinajaa mpaka watu wanalala Boma.

Ndege shukeni KIA, uwanja wa Kilimanjaro, msishawishike na nauli ya kushukia Dar au Nairobi mkadhani mmeokoa. KLM inatoka Amsterdam, Qatar inatoka Doha, Ethiopian inatoka Addis, wa Houston na wa Leicester wote mtapata kitu. Pale KIA ni katikati ya Moshi na Arusha, kuja Moshi ni kama saa moja, na mkipanga mtue siku moja gari moja linawabeba. Wa Dar akitaka raha apande treni, ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi na siku hizi inafika mpaka Arusha, ni ya usiku na haina haraka, aangalie tu siku zake maana haitembei kila siku.

Sasa ratiba. Kila siku kitu kimoja tu, kimoja! Jumamosi ni nyama, na hapa sikilizeni maana waliokaa nje sana wanasahau. Nyama choma haiagizwi mezani. Anayejua nyama kati yenu anakwenda mwenyewe buchani pale pale baa, anaonyesha ubavu ule uliening'inia, sio ule, huu, unapimwa mbele yake, anasema kilo nne choma na moja supu, anaona imeingia jikoni ndio anarudi kukaa. Ni saa nzima na zaidi mpaka ije, Jumamosi kwa watu wanane hata masaa mawili, kwa hiyo agizeni saa sita mchana mkiwa bado mmeshiba chai. Supu inatangulia na ndizi za kuchoma, dada anapita na jagi la maji ya moto na beseni mnanawa, alafu sinia la mbao linakuja, mchomaji mwenyewe anakatakata mbele yenu, chumvi kichuguu pembeni, pilipili, ndimu, kachumbari. Mtaulizwa bia ya baridi au ya moto, wa Houston msicheke, kuna wazee hapa hawajawahi kunywa ya baridi. Na kama kati yenu kuna Muislamu ulizeni mapema kama jiko la kitimoto, yaani nguruwe, na la mbuzi ni moja, msimfanye mwenzenu akae na soda na karanga siku nzima kwa aibu ya kuuliza.

Jumapili, wa kanisani waende ibada ya kwanza, wakirudi mnapanda Materuni kule Uru. Mnatembea katikati ya migomba na kahawa mpaka maporomoko, mkirudi mnatwanga kahawa kwenye kinu mnakaanga wenyewe mnakunywa. Najua mtasema haya mambo ya wazungu, sisi tumekulia humo, lakini nimeona watu wazima wanagombania mchi. Chemka, ile chemchemi, pia pazuri, maji ni ya kioo na vuguvugu sio ya moto, visamaki vinakula ukoko wa miguu, ila barabara kutoka Boma ni vumbi tupu na Jumapili pamejaa muziki na watu, hiyo iwekeni Jumatatu asubuhi. Asubuhi moja kanyweni kahawa Union Café mjini, ni ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa tangu 1933, wengi wetu babu zetu ndio walitusomeshea wazazi kwa hela ya ile kahawa, basi angalau tuinywe.

Ndugu ndio mtihani. Ushauri wangu, tueni Alhamisi usiku, marafiki kwanza, mmwambie mama mzazi tu, ukoo uanze Jumatatu mchana. Ukianza na ukoo Ijumaa hutoki, kila nyumba kuna mtori unakungoja na huwezi kuukataa.

Kutoka: Chalii wa Ngarenaro, sasa Birmingham

Meku unauza mji wako kama dalali wa viwanja hahaha. Moshi saa nne usiku mnabaki nyie na mbwa, watu wanane wametoka Ulaya na Marekani wamelipa nauli ile alafu saa nne waambiwe kaunta imefungwa? Chuga, yaani Arusha, Jumamosi usiku ndio inaamka. Mnaanza Khan's, mchana gereji jioni kuku choma, mnakula mmesimama pembeni ya gari, mkitoka hapo mnaenda Njiro, mtu asiyekunywa ana sinema, anayekunywa ana pa kukaa. Mchana Ziwa Duluti pale Tengeru, mnazunguka ziwa kwa mguu chini ya miti mikubwa mnapiga stori, mnataka nini tena. Ukitaka wanyama Arusha National Park ni hapo tu Usa River unakunja, twiga, mbega, maziwa ya Momella, asubuhi mnaingia jioni mko mjini. Na aliyekuwa anasinzia kwenye kipindi cha siasa kuna makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967 pale Kaloleni, akalipe deni.

Kuhusu kutembea kwa mguu sawa nakupa, Arusha ya sasa foleni ipo na mtapanda vifodi au Bolt. Ila muwe wakweli, wangapi kati yenu watatembea kwa mguu kweli baada ya ile nyama kilo nne.

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Mimi sio wa kikundi chao ila tulifanya hivi na wenzangu nikawa mshika hela, ngoja niseme ya hela na makaratasi maana kaka zangu wameongelea nyama tu.

Mfuko uwe mmoja na ujae kabla ya mtu yeyote kukata tiketi. Sio ahadi, hela. Mnakubaliana kiasi, tuseme laki tatu kila mtu, inaingia kwa mshika hela mmoja ambaye kila mtu anamuogopa kidogo, na nyumba, gari, chakula cha pamoja na maji ya kunywa vinatoka humo. Pombe kila mtu na yake! Hili msilionee aibu, ugomvi wote wa bili unaanzia kwa anayekunywa Fanta moja akaambiwa tugawe sawa. Mshika hela anaandika matumizi kila usiku kwenye grupu la WhatsApp, mistari minne mitano, inatosha. Na msipange kumbebesha yule wa Dar mzigo wa kulipia kwanza alafu mtamrudishia, sio kila mtu ana nafasi hiyo na hatasema.

Hela yenyewe iwe kwenye simu. Anayekuja na laini ya zamani ahakikishe bado inafanya kazi, kama hana, laini mpya inasajiliwa kwa alama za vidole, raia kwa namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, mwenye paspoti ya nje kwa paspoti yake, kwa hiyo usimtume mdogo wako akusajilie. Kumbukeni makato ya kutoa kwa wakala, laki laki nyingi mnalipa makato mengi, toeni kwa pamoja. Na tangu 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa dola, mtu akikuambia nyumba ni dola kadhaa kwa usiku mwambie sema kwa shilingi tuelewane.

Waliobadilisha uraia, nchi yetu haina uraia pacha, kwa kawaida unaingia na visa kama mgeni mwingine. Paspoti ya Marekani ni dola 100, ya Uingereza au Ujerumani dola 50, ombeni mapema kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, zipo nyingine zimejipaka rangi zinafanana zinaongeza za kwao juu. Getini kwenye hifadhi ni hivyo hivyo, unalipa kiingilio cha mgeni hata kama umezaliwa hospitali ya Mawenzi na unaongea Kichagga na askari, kwa hiyo hiyo safari ya Momella chalii pigeni hesabu kwanza, wa Dar atalipa hela kidogo na wengine mtalia. Na mizigo msifunge kwenye rambo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

Ila kaka wa Rau hapo kwa ndugu sikubali kabisa. Umfiche shangazi Moshi? Moshi hiyo hiyo unayosema inatembeleka kwa mguu? Ijumaa saa tatu asubuhi mama mdogo anakukuta Mbuyuni unachagua parachichi na miwani ya jua, kufika saa sita ukoo mzima unajua umekuja kimya kimya kula bata, hiyo kesi utaisikiliza mpaka kwenye msiba wa mtu. Fanya kinyume. Tua Jumanne, Jumatano na Alhamisi zunguka, salimia, kula mtori wa watu, toa zawadi, sema kabisa Ijumaa naingia kwa wenzangu niliosoma nao mpaka Jumatatu. Wakubwa wanaelewa, wao wenyewe wana wenzao waliosoma nao. Kinachowauma ni kusikia kwa jirani.

Kutoka: Mzee wa Rau

Mama umenifunga goli, la ndugu nalifuta. Chalii, Jumamosi moja usiku waje Arusha nakubali, ila walale huko huko, wasirudi usiku barabarani, ile barabara usiku ina malori, bodaboda zisizo na taa na ng'ombe.

Kutoka: Dada wa Leicester

Jamani asanteni mno, nimesoma yote kwa sauti kwenye simu wenzangu wakisikiliza. Tumekubaliana hivi. Moshi, nyumba moja, Ijumaa mpaka Jumatatu. Arusha hatulali, chalii utusamehe, wawili wana ndege Jumanne na hatutaki kufungua mabegi mara mbili, ila tukiwa tunasubiri nyama utakuwepo kwenye video call ujionee. Momella tumeitoa baada ya kupiga hesabu, wa Stuttgart ndio alilia wa kwanza. Ndugu Jumatano na Alhamisi. Pombe kila mtu na yake, hili lilipita kwa kura sita kwa mbili na wale wawili mnawajua tabia zao hata bila kuambiwa.

Mshika hela ni mimi, mwisho wa kutuma ni tarehe 30 mwezi huu, asiyetuma nafasi yake anapewa mdogo wake na wa Dar ambaye ameshaomba. Wa Zanzibar kakubali ila anataka chumba chenye bafu ndani na maji ya moto. Mzee wa Rau, nyumba tuliyoipata iko Shanty Town, nakutumia namba ya mwenyewe pembeni, ukipita naomba ufungue bomba la bafuni uache maji yatiririke mpaka uhakikishe yanachemka kweli, picha ya hita tumeshatumiwa.